Hatua Sita za Manjano

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imefika kazini kabla yangu. Paa la karakana yetu ya uchapaji lina tundu moja tu, na kati ya mahali pote pa kuvuja limechagua juu ya meza yangu. Skrini yangu nzuri, niliyoizoea miaka minne, nimeikuta imelowa chepechepe. Mjomba ameitazama, akaipiga kofi mgongoni, akasema, "Hiyo imekwenda," kisha akarudi kwenye mashine yake.

Mjomba ni ndugu wa mama, tumbo moja. Karakana ni yake, mashine ya kuchapa ni yake, na kauli ya mwisho ni yake. Mimi hupanga kurasa na kusafisha picha kwenye kompyuta. Makasi, ndivyo tunavyomwita, hukata karatasi, hushona vitabu na huzungumza. Kazi yote ni ya watu watatu hao, mmoja wao akizungumza.

Jumatano, 5 Machi

Mjomba kaleta skrini nyingine kutoka ofisi ya rafiki yake iliyofungwa. Ni kubwa, inawaka, na ni buluu. Namaanisha buluu. Nimefungua picha ya kikundi cha wahitimu, wote wanaonekana kama wametolewa mtoni. Nimetafuta vitufe vya kurekebisha rangi. Viko vinne, vitatu havibonyezeki, cha nne kinazima skrini.

"Utaizoea," kasema Mjomba.

Alhamisi, 6 Machi

Sijaizoea.

Ijumaa, 7 Machi

Leo kaja muuguzi wa zahanati za wilaya, mama mmoja mrefu asiye na mzaha. Makasi kamwita Sista kabla hajakaa, na jina limebaki. Anataka kadi elfu mbili. Ni kadi ndogo kama kiganja, ya kupimia ugonjwa wa manjano kwa watoto wachanga, yenye vipande sita vya manjano, kuanzia manjano hafifu kabisa hadi manjano ya kiini cha yai. Mkunga hubonyeza ngozi ya mtoto mchanga, hutazama rangi inayojitokeza, kisha huilinganisha na kadi. Hatua ya kwanza na ya pili, mama anarudi nyumbani na mtoto wake. Kuanzia ya tatu, hospitali, siku hiyo hiyo.

Kaniachia kadi moja ya asili, ndani ya bahasha nyeusi isipigwe na jua. "Mwanangu," kaniambia, "rangi hizi si mapambo."

Nimeiweka kadi kando ya skrini. Kwenye skrini hatua ya kwanza ilikuwa nyeupe na ya sita ilikuwa kijani.

Jumatatu, 10 Machi

Kama vitufe havifanyi kazi, nitapitia ndani ya kompyuta yenyewe. Nimeandika programu ndogo ya mistari kumi na miwili. Si uchawi. Kila rangi, nyekundu, kijani na buluu, ina mstari wake unaopanda kutoka gizani hadi kwenye mwanga. Ukiuinamisha mstari wa buluu, buluu hupungua kwenye skrini nzima. Nimeuinamisha saba kwa mia. Wahitimu wamefufuka.

Nimemwita Mjomba aone. Kakunja uso, kasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. "Sioni tofauti," kasema.

Ni kawaida yake. Nikipika hasemi kitamu, husema kimeiva.

Jumanne, 11 Machi

Umeme umekatika mara nne. Kila ukirudi, buluu inarudi nao.

Jumatano, 12 Machi

Umeme mara tatu. Pia nimegundua kwamba skrini ikisinzia hata dakika tano, inaamka buluu. Makasi anasema ina mashetani. Nimemjibu kwamba shetani ninayemjua mimi yuko kwenye paa.

Nimeongeza mstari wa kumi na tatu: programu ijiendeshe yenyewe kila baada ya saa moja, nisiwe naikimbilia kama mtoto anayetambaa. Na skrini nimeikataza kusinzia.

Ijumaa, 14 Machi

Siku nzima umeme haukukatika hata mara moja, na mimi mjinga nikafurahi. Saa nane mchana nilimaliza rangi za kadi. Saa tisa Mjomba alitengeneza mabamba ya kuchapia, saa kumi akatoa karatasi za majaribio.

Zimetoka zimepauka. Hatua ya tatu inafanana na ya kwanza ya Sista. Hatua ya kwanza haipo.

"Manjano yako wapi?" Mjomba kaniuliza, akiitikisa karatasi mbele ya uso wangu. "Nakuuliza wewe na kompyuta yako. Manjano yako wapi?"

"Kwenye skrini yapo, Mjomba."

"Basi Sista tumpelekee skrini."

Makasi kacheka hadi kakaa chini.

Jumatatu, 17 Machi

Nimelipata kosa na ni langu, asilimia mia. Mstari wa kumi na tatu. Nilidhani kila saa programu inarudisha buluu mahali pale pale. Kumbe inapunguza saba kwa mia ya kile kilichobaki. Saa mbili asubuhi inapunguza, saa tatu inapunguza tena, saa nne tena. Siku ya umeme mzuri, kufika alasiri, skrini imekuwa manjano kama chungwa, na jicho langu lilikwenda nayo taratibu bila kushtuka. Nikaona manjano yamezidi, nikayatoa kwenye kadi.

Sasa nimeiagiza ianze kwanza na mistari iliyonyooka, ndipo iinamishe. Hata ikijiendesha mara elfu, matokeo ni yale yale.

Nimekwenda kumwomba Mjomba radhi. Kanisimamisha mbele ya Makasi, kanitaka nirudie kwa sauti. Nimerudia.

"Mashine haidanganyi," kasema, akaifuta roli ya wino kama anayefuta uso wa mtoto. "Miaka thelathini na moja. Haijawahi kunidanganya."

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Mbingu za kijivu. Siwezi kulinganisha rangi kwenye mwanga wa namna hii.

Jumatano, 19 Machi

Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Makasi kaeleza hadithi nzima ya talaka ya dada yake, kuanzia uchumba.

Ijumaa, 21 Machi

Jua, dakika arobaini. Nimesogeza meza hadi mlangoni, nikatoa kadi ya asili kwenye bahasha, nikaishikilia ubavuni mwa skrini. Kipande kwa kipande. Nimerekebisha faili hadi sikuweza kusema ipi karatasi na ipi kioo. Nimemwita Makasi, mwenye macho ya kunguru, anayeona uzi mweusi kwenye nguo nyeusi. Katazama muda mrefu bila kusema neno, na kwake hiyo ni miujiza. Kisha kasema, "Hapo umepatia."

Jumanne, 25 Machi

Majaribio mapya. Safari hii manjano yamejaa kupita kiasi. Hatua ya kwanza ya karatasi yetu ni ya pili ya Sista. Ya pili ni ya tatu.

"Ziko sawa," kasema Mjomba.

"Hazijawa sawa, Mjomba. Tazama."

"Natazama. Safi kabisa. Ya kwanza sasa inaonekana."

Nimerudi kwenye programu. Labda saba kwa mia haitoshi. Labda mstari unapaswa kuinama zaidi katikati kuliko mwishoni.

Jumatano, 26 Machi

Saba na nusu kwa mia. Karatasi: manjano mno.

Alhamisi, 27 Machi

Nane, na kijani nusu. Karatasi: manjano mno. Ninaota mistari iliyopinda. Mama kaniuliza asubuhi mbona naihesabu mikunjo ya pazia.

Ijumaa, 28 Machi

Nimerudi saba. Sina hamu tena. Skrini na kadi ya asili zinafanana, nimehakiki mara sita. Karatasi hazifanani na chochote. Mjomba husema, "Ni hiyo programu yako," na kila akisema namwamini, kwa sababu mara ya kwanza ilikuwa kweli.

Jumatano, 2 Aprili

Nilikuwa kitandani siku mbili na homa. Leo nimerudi na kukuta meza ya Makasi tupu na sakafu imefagiwa.

"Kadi ziko wapi?"

"Zimekwenda," kasema Makasi bila kuniangalia. "Sista alikuwa na semina ya wakunga. Mjomba kachapa zote jana."

"Zikiwa na rangi ipi?"

Kanyanyua mabega. "Ya Mjomba."

Nimemfuata Mjomba kwenye mashine. Nimemwambia zile hatua zimehama, kwamba anayesoma mbili kwenye kadi yetu anamaanisha tatu. Kasema nina homa. Nimemwambia tuzirudishe. Kasema kazi iliyotoka mlango ule hairudi kama bakuli la jirani. Kisha kanipa kisogo, akawasha mashine ili asinisikie. Ni mbinu yake tangu nilipokuwa na miaka kumi na mitatu.

Nilipaswa kumpigia Sista saa ile ile. Sikumpigia. Nilijiambia labda ni programu, labda ni macho yangu ya homa, labda semina haijaanza. Naandika hapa ili nisije nikajisahaulisha.

Jumanne, 8 Aprili

Sista kaja saa nne asubuhi, kalowa hadi mabegani, hakufunga mwavuli. Kaweka kadi yetu mezani kwa nguvu.

Mtoto wa siku tano, zahanati ya juu mlimani. Mkunga kambonyeza kifuani, kalinganisha, kasoma mbili. Kamruhusu mama aende. Kesho yake bibi wa mtoto kambeba mwenyewe mvuani, kwa sababu mtoto kalegea na hanyonyi. Mkunga mwingine, mwenye kadi ya zamani, kasoma nne.

Makasi ndiye aliyeuliza. "Yu hai?"

"Yu hai. Yuko hospitali, chini ya taa ya tiba. Leo asubuhi kanyonya." Ndipo Sista kafunga mwavuli. "Yule bibi hajui kusoma hata herufi moja. Kasema tu, mjukuu wangu si wa rangi hii."

Ndipo Mjomba, huku akifuta mikono kwa kitambaa, kaninyooshea kidole. "Muulize huyu na vimistari vyake. Mimi huchapa ninacholetewa."

Nimemuahidi Sista jambo moja tu: kufika kesho nitajua kosa liko wapi, hata kama ni langu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimejua.

Mjomba hatupi karatasi zilizoharibika. Anazipanga chini ya mashine, zigeuzwe upande wa pili kwa kazi nyingine. Asubuhi, alipokwenda kuchukua wino, nimezivuta zile za tarehe mosi nikazitandaza sakafuni kuanzia mashine hadi mlangoni, kwa mpangilio zilivyotoka. Zilikuwa kama hamsini. Makasi kashika taa, ingawa nje jua lilikuwa limetoka, la kwanza la maana tangu wiki iliyopita.

Karatasi ya kwanza kabisa ni sawa na kadi ya Sista. Sawa, si karibu na sawa. Ya kumi imeongezeka manjano kidogo. Ya ishirini zaidi. Ya hamsini ndiyo ile aliyoiona safi Mjomba. Mtu kasimama pale akafungua skrubu za wino wa manjano, kidogo kidogo, akitazama, akifungua, akitazama, hadi akaiona hatua ya kwanza.

Programu yangu haikuwa na kosa tangu tarehe kumi na saba. Wiki tatu nimeipindapinda mistari ya watu bure. Naomba nikiri kwamba hasira niliyokuwa nayo ilikuwa tamu.

Nimekata vipande sita vya karatasi: vitatu vyeupe tupu, vitatu vya hatua ya kwanza. Nimevipanga mezani, mlangoni, juani. Mjomba kaingia na kopo lake la wino.

"Mjomba, nisaidie. Vipi ni vyeupe?"

Katazama vile vipande, kisha kanitazama mimi. "Unacheza?"

"Nionyeshe tu."

Kainama. Kakichukua kimoja, kakisogeza karibu, kakipeleka mbali, kakigeuza. Nilimwona akitafuta, kwa dhati, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni mwake mwenyewe. Mwishoni kaweka vipande vitano upande mmoja. "Hivi." Na kimoja upande wa pili. "Na hiki cha manjano."

Kile kimoja kilikuwa cheupe.

Makasi, ambaye hata msibani huwa na la kusema, kakaa kimya akichuna ngozi ya kidole. Ule utamu wa hasira ulinitoka mdomoni papo hapo. Nilitaka nimshike pabaya, nikamshika. Sasa nilikuwa naye mkononi na sikujua pa kumweka.

"Mwanga wa leo mbaya," kasema Mjomba. Kachukua kofia akatoka, katikati ya jua kali.

Alhamisi, 10 Aprili

Mjomba hakuja. Mimi, Makasi na Sista tumezunguka zahanati tisa kwa gari la dawa kukusanya kadi. Kila mahali Sista anaingia mbele, mimi namfuata na boksi, na wakunga wananitazama. Kwenye ile ya mlimani yule mkunga aliyesoma mbili ni binti mdogo kuliko mimi. Kanirudishia kadi kwa mikono miwili, kaniuliza, "Kwa hiyo si mimi?"

Nimemwambia si yeye. Kageuka akaanza kupanga chupa ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Ijumaa, 11 Aprili

Kadi 1,988 zimerudi. Tunatafuta kumi na mbili.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemwambia mama. Kafunga kitenge, tukaenda kwa Mjomba wote wawili. Yeye ni dada yake mkubwa, na Mjomba, anayemnyamazisha kila mtu kwa mashine, kwa dada yake hana mashine.

"Simama dirishani," mama kamwambia. Kasimama. Mama kamshika kidevu, kamgeuza kwenye mwanga, kama anavyochagua nyanya. "Hiki cheupe ndani ya jicho tangu lini?"

"Uzee, dada."

"Sikukuuliza jina lake. Tangu lini?"

"Miaka mitatu. Labda minne."

"Na ulikuwa unachapaje?"

"Kwa mazoea," kasema. "Najua mashine inavyolia wino ukiwa sawa." Kisha, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Manjano ndiyo yalitangulia kuondoka. Nilidhani wino siku hizi wanauchakachua."

Nimekasirika upya, safari hii namna nyingine. Wiki tatu kaniacha nijione mwendawazimu. Na hapo hapo nikamwona, mtu mzima, akiongeza wino kwenye karatasi ili aone kile ambacho wote wanakiona bure, na hana wa kumwambia. Siwezi kuviweka vitu hivyo viwili mahali pamoja. Nimevibeba vyote hadi nyumbani.

Jumatano, 16 Aprili

Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari atafanya la kulia kwanza, mwezi ujao. Mjomba kamuuliza kama anaweza kuendelea kuchapa hadi siku hiyo. Mama kajibu kwa niaba ya daktari.

Jumanne, 22 Aprili

Nimechapa mimi, Makasi kalisha karatasi. Mjomba kaketi kwenye kiti mlangoni na mikono magotini, amekatazwa kugusa. Hakuona rangi, lakini alisikia.

"Wino umezidi," kasema mara moja. Kweli ulikuwa umezidi.

"Roli ya pili kavu." Kweli.

"Punguza mwendo, unakimbizwa na nani?"

Nilitamani kumkaba. Bila yeye tusingemaliza. Kadi elfu mbili, zote kama karatasi ile ya kwanza.

Ijumaa, 25 Aprili

Sista kazipokea. Kachagua ishirini bila mpangilio, kazilinganisha moja moja juani, nasi tumesimama kama tuko mahakamani. Kasema, "Hizi ndizo." Kuhusu zile kumi na mbili, kumi zimepatikana. Mbili bado. Nazifikiria nikiwa naoga, nikiwa nakula.

Jumatatu, 5 Mei

Paa limezibwa. Sasa linavuja juu ya meza ya Makasi.

Alhamisi, 8 Mei

Mbili zimepatikana, ndani ya daftari la mkunga aliyehama. Nimelala kama gogo.

Jumatatu, 19 Mei

Mjomba kaja leo, jicho la kulia limefunguliwa, miwani myeusi mfukoni. Kaingia kama mwenye nyumba aliyesafiri. Kwanza kaja kwenye meza yangu.

"Mbona skrini yako buluu?"

"Si buluu, Mjomba. Nimeirekebisha tangu Machi."

"Nakwambia ni buluu. Punguza."

Nilihesabu moja hadi kumi. Kisha nimempa kadi ya Sista aishikilie ubavuni mwa kioo, nikamwambia atazame kwa jicho moja, kisha kwa lingine. Kafumba la kulia, kafungua. Kafumba la kushoto, kafungua. Kafanya hivyo mara nyingi, kama mtoto mwenye kitu kipya.

"Ahaa," kasema. "Buluu iko kwenye jicho jipya."

Hakuniomba radhi. Kaenda kwenye rafu ya nyuma tunapoweka nakala moja ya kila kazi, kaanza kutoa. Jalada la kitabu cha shule. Kipeperushi cha mashindano ya mbio. Cheti. Picha ya familia moja iliyopiga magoti kwenye majani. Kavipeleka vyote mlangoni, kwenye mwanga, kavitandaza. Vyote vya miaka mitatu iliyopita vilikuwa na manjano ya mgonjwa. Nyuso, majani, hata meno ya watu.

"Hii nani kachapa?"

"Wewe, Mjomba."

"Na hii?"

"Wewe."

Kakaa juu ya boksi la karatasi. "Nyinyi mlikuwa mnaona?"

Makasi kanitazama. Nikamwambia Mjomba kweli. "Tulikuwa tunaona. Tulidhani ndivyo unavyopenda."

"Mkanyamaza. Miaka mitatu."

"Tungesema, ungesikia?"

Kachukua ile picha ya familia, kaifumbia jicho moja, kisha lingine, mara kadhaa. Mvua imeisha sasa, barabara inakauka, watu walikuwa wakipita mbele yetu na viatu vyao vya kawaida. Mwishoni kainuka, kajipangusa suruali.

"Kesho usikae kule kwenye skrini yako. Simama hapa, karibu na mashine. Ukiona rangi imekwenda mrama, sema."

"Nikisema utasikia?"

"Sitasikia," kasema, huku akikusanya zile karatasi. "Sema tena."